Pipeline, Mtaa wa Kibwanyenye

Yapo maneno katika Kiswahili chetu ambayo kila mtu huyatumia na ni wachache wanaoulizana maana yake. Moja katika hayo ni bwanyenye, pamoja na kivumishi chake, -a kibwanyenye. Ukisoma magazeti ya Kenya siku hizi utalikuta mara kwa mara. Fulani aliyenunua helikopta ni bwanyenye. Fulani anayegombana na mkewe mahakamani kwa ajili ya mashamba na majumba ni bwanyenye. Harusi yenye msafara wa magari arobaini ni harusi ya kibwanyenye, na nyumba iliyotandikwa vigae mpaka jikoni ni nyumba ya kibwanyenye. Yaani neno limekuwa sawasawa na kusema tajiri, ila ni tajiri yule ambaye mwandishi anamwonea gere kidogo.

Mimi nasema tunalipotosha neno hili, na kulipotosha kwake si jambo dogo. Ili nieleze nisemalo, nitawachukua wasomaji mpaka mahali ambapo hapana mtu angefikiri kulibandika: mtaa wa Pipeline, huko Embakasi, mashariki ya jiji la Nairobi.

Asiyefika Pipeline na ajue kwamba jina lenyewe linahusu kwetu Pwani. Limetokana na bomba la mafuta, lile linaloanzia Mombasa. Kampuni ya bomba hilo iliundwa mwaka 1973, na mafuta yakaanza kupita kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 1978. Leo mahali hapo pamejaa magorofa ya kupangisha, saba, nane, na mengine zaidi ya hayo, yamebanana hata mchana ukipita chini unadhani magharibi imeingia. Kila ghorofa ina ujia katikati na safu ya milango huku na huku. Chumba ni yapata mita tatu kwa tatu, na ndani yake hukaa mtu na mkewe na watoto, pamoja na jiko, kitanda, pazia la kugawa kitanda na dunia nyingine, na mitungi ya maji. Choo na bafu ni vya ushirika. Maji huja kwa zamu, na siku yasipokuja, mtungi wa lita ishirini hupandishwa ngazi kwa bega. Wakaao humo ni wafanyakazi wa viwandani, vibarua wa mijengo, walinzi wa usiku, akina mama wauzao mboga, vijana wa bodaboda, na wengi waliokuja kutoka bara kutafuta.

Mtu wa Pwani akifika pale hushangaa jambo moja zaidi kuliko yote. Sisi tumezoea nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita na ukumbi katikati, na mwenye nyumba anakaa humo humo. Mpangaji humsalimia asubuhi barazani, akifiwa humkuta matangani, na siku ya Idi sahani hupita kutoka mlango hadi mlango. Ugomvi upo, tena mwingi, lakini ni ugomvi wa watu wanaojuana. Pipeline mwenye nyumba haonekani. Kodi hupelekwa kwa simu, na anayekuja kugonga mlango tarehe tano ni msimamizi, wanayemwita keateka, naye pia kaajiriwa. Mpangaji anaweza kukaa miaka mitano asiijue sura ya mtu anayempa theluthi ya mshahara wake.

Basi je, mtu huyo asiyeonekana ni bwanyenye? Na chumba kile cha mita tatu kina nini cha kibwanyenye?

Turudi kwanza kwenye asili. Neno la Kifaransa bourgeois lilikuwa na maana ya mkazi wa bourg, yaani mji wenye boma. Hakuwa mtumishi wa shamba la bwana, wala hakuwa bwana mwenye shamba. Alikuwa mtu wa mji, mwenye duka lake, karakana yake na haki zake za mjini. Sisi hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Lamu, Mombasa na Unguja ni miji iliyokuwa na watu waliojiita waungwana, na uungwana wao ulikuwa wa mjini: nyumba ya mawe, biashara ya jahazi, elimu, na fahari ya kutokuwa mtumwa wa mtu. Lau Marx angezaliwa Lamu, pengine leo tungekuwa tunasema uungwana mahali pa ubwanyenye, na ugomvi wetu ungekuwa mkubwa zaidi.

Marx na Engels walilikuta neno hilo sokoni, wakalipa kazi maalumu katika Ilani yao ya mwaka 1848. Baadaye, Marx akiwa amekwisha fariki, Engels alitia maelezo chini ya ukurasa katika chapa ya Kiingereza ya mwaka 1888 ili pasiwe na ubishi. Mabwanyenye, alieleza, ni tabaka la mabepari wa zama hizi, wale wanaomiliki nyenzo za kuzalisha mali na kuwaajiri watu kwa mshahara. Tazameni vizuri. Hakutaja vigae. Hakutaja kiasi cha fedha benki. Alitaja mambo mawili, kumiliki na kuajiri, na yote mawili ni uhusiano kati ya mtu na mtu. Hapana bwanyenye peke yake kisiwani, hata awe na sanduku la dhahabu.

Wajerumani wenyewe wana tabu yao. Kivumishi chao, bürgerlich, kina nyuso mbili: kwa upande mmoja ni -a kiraia, kwa upande wa pili ni -a kibwanyenye. Marx alipoandika juu ya jamii iliyo bürgerlich, msomaji wa Kijerumani aliziona nyuso zote mbili kwa mtazamo mmoja, raia na mwenye mtaji katika koti moja. Mfasiri wa Kiswahili hulazimika kuchagua, na akichagua kimoja amekwisha kukata nusu ya maana. Lakini hiyo ni tabu ya wafasiri. Tabu yetu ni nyingine.

Tabu yetu ni ile ki-. Kiswahili hakina vivumishi vingi vya asili, hivyo tunaviunda kwa kutia -a na ki- mbele ya jina. Mavazi ya kizungu, chakula cha kipwani, mambo ya kitoto, adabu za kiungwana. Kama kila mzungumzaji ajuavyo bila kufundishwa, ki- hii huonyesha namna: jinsi watu fulani wavaavyo, walavyo, wasemavyo, waendavyo. Mtu si lazima awe Mzungu ndipo avae kizungu. Basi tulipotunga -a kibwanyenye, lugha yenyewe ililivuta neno upande wa namna. Lilitakiwa lieleze nani anamiliki na nani anauza nguvu zake, likaishia kueleza makochi. Ndugu yake -a kibepari amesalimika kidogo, nadhani kwa sababu huandamana na maneno mazito kama uchumi na mfumo, na hapana mtu anayeusema uchumi wa kibepari akiwa na makochi akilini.

Kenya ina sababu yake nyingine ya kulipokea neno hili kombo. Katika miaka ambayo Tanzania ilikuwa ikiyatumia maneno hayo redioni asubuhi na jioni, kwetu yalikuwa na harufu ya gereza. Mshairi wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alifungwa tangu mwaka 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wa Kenya: Twendapi? Mwaka 1982 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliwekwa kizuizini, na kwa miaka kadhaa baada ya hapo kukutwa na maandishi yaliyoitwa ya uchochezi kulitosha kumpoteza mtu. Kwa hiyo neno bwanyenye halikupita darasani kwetu. Liliingia magazetini baadaye, hofu ilipopungua, likaingia yatima, bila ya wazazi wake wa kulieleza. Wakenya wakalifahamu kwa sauti tu. Na sauti yake, kusema kweli, inasaidia: masikio yangu husikia bwana na mwenye ndani yake, na jinsi mdomo unavyojaa ukilitamka, huwezi kumfikiria mtu mwembamba. Hata uchaguzi wa mwaka 2022, ambao ulikuwa na maneno ya matabaka kuliko chaguzi zote nilizoziona, ulifanywa kwa maneno ya mitaani, hasla upande huu na watoto wa koo kubwa upande ule. Na hasla ni neno ambalo tajiri pia aliweza kujivika, mradi aseme aliwahi kuuza kuku.

Tanzania nako neno lilipata ajali ya aina yake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi wa TANU na wa Serikali kushiriki katika jambo lolote la kibepari au la kikabaila, na katika masharti yake lilitaja waziwazi kwamba kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Hilo lilikuwa jambo zito, na si wengi nje ya Tanzania wanaolikumbuka. Mwaka 1976 Issa Shivji aliandika kitabu chake juu ya mapambano ya kitabaka Tanzania, akasema kuna mabwanyenye wanaoota ndani ya ofisi za Serikali zenyewe. Hapo neno lilikuwa bado linafanya kazi yake. Lakini mitaani lilikwisha kuwa tusi la kumtupia yeyote mwenye suruali iliyopigwa pasi. Masharti yale yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, viongozi wakaruhusiwa kupangisha nyumba, na tusi likabaki bila ya sheria.

Sasa nifike kwenye lile linalotuhusu sisi watu wa Pwani, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Bwanyenye ana binamu yake, kabaila. Neno hili ni letu kwa muda mrefu. Asili yake ni Kiarabu, kutoka katika neno lile lile lililotupa kabila, na mababu zetu walipomwita mtu kabaila walimsifu: mtu wa jamaa inayojulikana, mwenye nasaba. Wanasiasa walipotafuta neno la kueleza mfumo wa kimwinyi wa Ulaya, ule wa mabwana wa ardhi na watu waliofungwa katika ardhi hiyo, walilichukua neno la sifa la Pwani wakaligeuza kuwa laana. Walimfanyia vivyo hivyo mwinyi. Cheo cha heshima kilichobebwa na wazee wa miji yetu kikageuka kuwa umwinyi, yaani uvivu na kiburi cha kungoja kuhudumiwa, na mtoto wa Pwani aliyepelekwa shule bara alikemewa aache umwinyi hata kama baba yake alikuwa mvuvi. Kamusi zina haki ya kupanuka, sikatai. Lakini itazameni hatari iliyomo. Kati ya ukabila na ukabaila pana herufi moja tu. Kivumishi kilichotungwa kueleza uhusiano kikiteleza, kinaangukia namna. Kikiteleza tena, kinaangukia watu. Na kikishafika kwa watu, huanza kuuliza nasaba zao.

Hayo si maneno ya kuogofya watoto. Zanzibar kulikuwa na vijana wa Umma Party, chama kilichoundwa mwaka 1963 chini ya Abdulrahman Mohamed Babu, mtoto wa Unguja aliyeyajua maneno haya ya Kimarx pengine kuliko mtu yeyote wa Afrika Mashariki wa wakati wake. Hoja yao ilikuwa kwamba ugomvi wa Visiwani ni wa matabaka, si wa rangi wala asili. Walikuwa na watu wa kila asili miongoni mwao. Lakini Januari 1964 mapanga hayakuuliza nani anamiliki mikarafuu na nani anauza maji ya nazi. Watu wengi waliuawa kwa sababu ya majina ya babu zao, nao hawakuwa na hata eka moja. Tanzania Bara, mwaka 1971, majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja yalitaifishwa. Sheria haikutaja asili ya mtu, lakini walioguswa zaidi walikuwa Wahindi, na barazani ikasemwa kuwa bepari amekomeshwa. Neno bepari lenyewe lilikuja na lugha za Kihindi kwa maana ya mfanyabiashara, kwa hiyo masikio ya watu yalikuwa tayari kabla ya sheria.

Na Nairobi? Mwishoni mwa mwaka 2001, baada ya viongozi wakubwa kusema hadharani kwamba kodi za Kibera zipunguzwe, wapangaji na wenye nyumba walishikana. Wenye nyumba wengi pale walikuwa Wanubi, Waislamu wenzetu, wajukuu wa askari waliokalishwa Kibera mwanzoni mwa karne ile. Wapangaji wengi walikuwa Wajaluo. Damu ilimwagika, nyumba zikateketea. Swali la kwanza lilikuwa la kodi, na lilikuwa swali la haki. Halikumaliza wiki kabla halijawa swali la kabila na dini.

Kwa hiyo nilipokwenda Pipeline kumtazama mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye amepanga huko ghorofa ya sita, nilikuwa na masikio yaliyokwisha chongoka. Kijana huyu ni kibarua katika kiwanda kimoja cha vyombo vya plastiki. Tulikaa juu ya kitanda, kwa kuwa hapana pengine pa kukaa, akaanza kulalamika juu ya maji.

"Mjomba, huyu landilodi wetu ni bwanyenye kabisa."

Nikamwuliza kama amewahi kumwona.

"Hata siku moja. Lakini ana ploti tatu hapa, Mjomba. Tatu! Na watu wa kwao ndio wanaopewa vyumba vya mbele, vyenye dirisha."

Nikamwuliza kiwandani analipwaje. Akasema kwa siku. Siku isiyo na kazi haina pesa, na ana miaka mitatu katika hali hiyo, mkataba haujaonekana.

"Na mwenye kiwanda, mnamwitaje?"

"Bosi."

"Yeye si bwanyenye?"

Akafikiri kidogo, halafu akasema, "Huyo si ndiye anayetupa kazi?"

Ndugu wasomaji, hapo ndipo ulipo ugonjwa wote wa neno hili. Yule anayemiliki mashine na kumwajiri kwa siku, ambaye Engels angemnyooshea kidole bila kusita, ameitwa mfadhili. Jina limekwenda kwa mwingine, na tayari limekwisha shikamana na "watu wa kwao".

Engels aliijua kesi ya mpwa wangu kabla babu zetu hawajazaliwa. Mwaka 1872 katika gazeti la Volksstaat la Leipzig zilitokea makala za daktari mmoja, Mülberger, zilizodai kwamba mpangaji mbele ya mwenye nyumba ni sawasawa na mfanyakazi mbele ya bepari. Engels akajibu kwamba sivyo hata kidogo. Mpangaji anapolipa kodi ananunua kitu, kama anavyonunua mkate; anaweza kupunjwa, anaweza kuuziwa mkate uliooza, lakini hapo hazalishi chochote. Mali mpya inazalishwa kiwandani, na ziada yake inachukuliwa huko huko. Mwenye nyumba huja nyuma kudai fungu lake katika kilichokwisha zalishwa. Kisha akaongeza jambo ambalo kila mtu wa Pipeline angepaswa kulijua: mahali ambapo makao ya mfanyakazi ni rahisi, mwenye kiwanda ndiye anayefaidi mwishowe, maana mfanyakazi anayeweza kuishi kwa kidogo ataweza kulipwa kidogo.

Sasa simama Pipeline alfajiri, baada ya sala, utazame. Makundi ya watu hutoka magorofani kabla jua halijapanda, wakashika njia ya kupitia Mukuru kwa miguu mpaka Industrial Area, ili waokoe nauli. Wanarudi jioni kwa njia hiyo hiyo. Chumba cha mita tatu kwa tatu, choo cha watu wengi, mtungi wa begani na safari ya miguu, vyote hivyo vimo ndani ya bei ya ile ndoo ya plastiki tunayoinunua Marikiti. Vikiondolewa, mshahara wa kutwa hautoshi, na ndoo itapanda bei au faida itashuka. Kwa maana hiyo ya kweli, Pipeline ni mtaa wa kibwanyenye kuliko Lavington. Lavington ni mtaa wa kitajiri tu; ni mahali pa kulala. Pipeline ni sehemu ya mtambo. Hapana bwanyenye hata mmoja anayelala pale, na kila ngazi ya jengo imepangwa kwa ajili yake.

Isidhaniwe kwamba namtakasa mwenye nyumba. Juu yake sina haja hata ya Marx. Fikihi ya ijara inatosha. Ujira wa nyumba ni halali kwa kuwa ni malipo ya manfaa, na asiyetoa maji wala njia ya kupumua amekula malipo ya manfaa asiyoyatoa. Wala simfuati Engels mpaka mwisho. Mtafiti Marie Huchzermeyer, katika kitabu chake cha mwaka 2011, aliyalinganisha magorofa ya Nairobi na yale ya Berlin ya karne ya kumi na tisa, na ukisoma unaona kwamba kujenga kwenyewe kumekuwa biashara kamili: fedha inatiwa katika zege, inarudi kwa kodi, inajenga gorofa la pili. Hayo ni ya kibepari, na mwenye nyumba wa Pipeline aitwe bepari, simwonei haya.

Kabaila, hata hivyo, siye. Kabaila wa nadharia anawashika watu wake kwa ardhi na utii, hawaondoki. Mpangaji wa Pipeline huhama mwisho wa mwezi na godoro lake juu ya mkokoteni, na hapana anayemwuliza kwa nini. Anayetaka kuona harufu ya ukabaila asiende mbali. Aje Mombasa, katika mitaa yetu ya nyumba bila ardhi, ambako mtu anamiliki kuta na makuti na mwingine anamiliki udongo ulio chini yake. Mwenye kuta hulipa kodi ya ardhi vizazi kwa vizazi, na hati zenyewe zinarudi nyuma mpaka sheria ya ardhi ya mwaka 1908. Hapo mwenye nyumba na mwenye ardhi ni watu wawili, na sisi tuliozaliwa katika mitaa hiyo tunaijua tofauti yao kabla ya kujua kusoma. Ajabu ni kwamba gazeti likiandika juu ya mwenye ardhi huyo humwita bwanyenye vilevile.

Basi nikamweleza mpwa wangu yote haya kadiri nilivyoweza, yeye akichemsha chai. Nikamwambia amwite mwenye nyumba bepari, amdai maji yake kwa haki yake ya mpangaji, na aache kuhesabu madirisha kwa makabila, maana keateka anayemgongea mlango ni wa kabila lile lile la mwenye ploti na analala chini ya ngazi. Neno bwanyenye aliweke kwa yule anayemwita bosi. Alisikiliza vizuri; ni kijana mwenye adabu.

Halafu akanieleza siri yake. Yeye na wenzake kiwandani wana chama, wanaweka akiba kila wiki, na Inshallah katika miaka michache atapata kiwanja kidogo upande wa Mtwapa, ajenge vyumba sita, avipangishe kwa wafanyakazi wa mahoteli.

"Na mimi nitakuwa nani hapo, Mjomba?"

Nikamwambia wanazuoni wa Dar es Salaam walikuwa na jina lake zamani: bwanyenye uchwara.

Akaacha kumimina chai. "Hilo ni tusi?"

Nikamwambia ni kivumishi.